Mlango wa Nyuma

Ukimtaka Fundi Waya enzi zile hukuwa na haja ya kuuliza njia. Ulipanda mtaa wa juu huku umeinua shingo, na ulipomwona mwanamume mfupi amekaa juu ya paa kama yuko sebuleni kwake, misumari mdomoni, koleo kiunoni, akiwagombeza watu waliosimama chini, ulikuwa umefika. Jina alilopewa na wazazi alikuwa nalo, lakini nani alilitumia? Mama yake peke yake, tena akiwa amekasirika.

La Waya alilipata kwa kazi. Mafundi wengine waliweka kenchi, zile mbao za kubeba paa, juu ya ukuta, wakapigilia misumari, wakashuka kwenda kula. Yeye alipitisha waya mnene chini ya safu kadhaa za matofali, akaupandisha, akauzungusha kwenye mbao ya kenchi, akausokota kwa koleo mpaka ukalia. Hapo ndipo aliporidhika. Ila waya huo aliuweka upande mmoja tu wa nyumba, upande unaotazama bahari. Upande wa mlimani alipiga misumari basi. Upepo wa mji ule ulitoka baharini tangu babu na babu, kwa hiyo kusokota waya upande wa mlimani alikuita kumvalisha koti mtu aliye jikoni.

Na alikuwa na fundisho lake jingine, ambalo aliwaambia wenye nyumba siku ya kukabidhi kazi, kidole kikiwa juu. Upepo ukichafuka, pigilia mbao madirisha ya upande wa bahari, funga mlango wa mbele, weka komeo. Lakini mlango wa nyuma, ule wa mlimani, uache wazi. Nyumba ipumue. Ukiiziba kote, alisema, itavimba ipasuke. Mtaa mzima ulilijua fundisho hilo. Watoto walikuwa wakiliimba wakicheza: nyumba ipumue, nyumba ipumue.

Usimcheke. Hakulizua tu. Ujana wake kimbunga kilipiga pwani ile, kikafagia mabati ya watu kama makaratasi, lakini nyumba alizoezeka yeye zilibaki na mapaa yake, milango ya nyuma wazi. Watu walitoka wakamzunguka, wakamshika mkono, wazee kwa vijana. Tangu siku ile akawa mtu wa kuulizwa. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na fundi wetu alisifiwa muda mrefu sana.

Sasa nitakuambia palipo na kasoro, na nitaisema mapema usije ukanilaumu. Kimbunga si upepo unaonyooka kama barabara. Kimbunga kinazunguka. Umewahi kuona maji ya karo yakishuka kwenye tundu, yanavyojizungusha na katikati pakabaki shimo? Ndivyo kilivyo, ila ni kikubwa cha kumeza miji, kinakunywa joto la bahari na kutembea nalo. Kikikupitia pembeni, kitakupiga upande mmoja tu, kisha kiende zake. Lakini kikikupitia juu ya utosi, kitakupiga upande huu, halafu utaingia kwenye lile shimo la katikati, wanaloliita jicho, humo hamna upepo hata wa kuzima kiberiti. Halafu kitakupiga kutoka upande wa pili, ghafla, bila hodi. Na hapo kandokando ya jicho ndipo penye upepo mkali kuliko kote. Kile cha ujana wa fundi kilipita pembeni. Alifanya nusu ya mtihani akadhani amemaliza.

Kilipokuja hiki kingine, radio ilianza kusema mapema. Mvua ilikuja vipande vipande, inamwagika, inakatika, jua linachungulia, inamwagika tena, na kila mara ikirudi na upepo zaidi. Shule ya mtaa ilikuwa na jengo moja la zege lisilo na bati hata moja, na watu wakaambiwa waende huko. Fundi Waya hakutaka. Kwenda kwenye zege la serikali wakati nyumba yake mwenyewe ameiezeka kwa mkono wake? Watu wangesemaje? Mkewe hakubishana. Alifunga nguo za watoto, akatandika mkeka, akamwambia kuwa yeye na watoto wanakwenda, na mama mkwe anakwenda nao, na anayetaka kulinda bati abaki na bati. Fundi akambeba mama yake mgongoni, akawafuata, amenuna. Kabla ya kuondoka alipigilia madirisha ya mbele. Mlango wa nyuma akauacha wazi.

Mama yake alikuwa mzee wa miguu iliyokufa ganzi, mgongo umemwisha, ila ulimi mzima kabisa. Fundi alimpenda, na hapo sina mzaha. Kitanda chake alikiweka kwenye ukuta wa upande wa bahari, kwa sababu ndio uliokuwa na waya mwingi kuliko ukuta wowote pale mjini. Kila asubuhi alimgeuza, akamkalisha, akamletea chai, ndipo akaenda kazini. Mkewe alikuwa akimtania kwamba afadhali angekuwa mama mkwe kuliko mke, angetunzwa zaidi.

Asubuhi ile darasani palikuwa pabaya. Watu walibanana ukutani, watoto walilia, upepo nje ulikuwa unaunguruma usikii hata jirani yako. Mlinzi wa shule alisimama mlangoni na radio yake sikioni. Bibi, yule mama wa fundi, alihitaji kujisaidia, na ndoo ilikuwa nyuma ya khanga mbili zilizoshikwa na wanawake, hatua chache kutoka kwa wanaume waliokuwa wakimwita mama. Alipelekwa mara ya kwanza, akavumilia. Mara ya pili akakataa, akajilowesha. Mkwewe alimbadilisha nguo, lakini yule mzee aligeukia ukuta na fundi aliona mabega yake yakitikisika. Aliumia kuliko ambavyo angeumia kama mtu angemzaba kofi mbele ya watu.

Mchana upepo ukakatika.

Haukupungua polepole. Ulikatika. Mvua nayo ikaacha. Masikio ya watu yaliziba, kila mtu akawa anameza mate kuyazibua, na joto likaingia, joto zito la jikoni. Watu walitoka uani wakaangalia juu. Juu kulikuwa na anga la buluu na jua limesimama, na pembeni, kuzunguka pande zote, mawingu yamesimama wima mfano wa ukuta wa kisima. Chini kule bahari ilikuwa imepanda mpaka mtaa wa soko, meza za wauzaji zinaelea. Lakini mtaa wa juu ulikuwa mzima, na mapaa yote ya Fundi Waya yalikuwa mahali pake.

Watu waliyaona. Mmoja akaanza kupiga makofi, wengine wakafuata. Fundi alisimama pale akitazama bati zake zinavyong'aa kwa maji, na kifua kikamjaa. Mwanamume yeyote kingemjaa.

Ndipo mama yake alipomvuta suruali. Alikuwa amelazwa karibu na mlango, pale aliposimama fundi.

"Mwanangu, nirudishe kwangu. Nimechoka kuaibika."

Mkewe alilisikia akaja mbio. Alisema radio inasema watu wasitoke, wasubiri watangaziwe. Mlinzi naye akasema hivyohivyo, akamsogezea radio asikie mwenyewe. Fundi akamjibu kwamba huyo wa radio yuko mbali, hajui jua linawaka hapa, na yeye alikuwa akivijua vimbunga tangu mlinzi anatambaa. Mkewe alimshika mkono. Hakupiga kelele, alikuwa akizungumza kwa sauti ya kumtuliza mtoto.

"Baba watoto, subiri tu kidogo. Nitamsafisha mimi. Hata mara kumi nitamsafisha."

"Wewe humuoni anavyolia?"

"Namuona. Mwache alie akiwa hai."

Neno hilo lilimchukiza fundi, kwani ni uchuro. Aliinama, akamweka mama yake mgongoni, akaondoka. Mkewe hakumfuata, alikuwa na watoto. Kimya kingi kina mshindo mkuu, wahenga walisema, lakini siku hiyo nani alikuwa na nafasi ya kuwasikiliza wahenga?

Njiani kulikuwa na ndege. Ndege wa baharini, weupe, wengi ajabu, wanazunguka juu ya mapaa, wengine wametua barabarani wamechoka, ukiwakaribia hawaruki. Bibi aliwatazama akiwa mgongoni kwa mwanawe.

Aliuliza mbona ndege hawa hawaendi kwao ikiwa mambo yamekwisha. Fundi akasema wamechoka. Bibi akasema aliyechoka hutua, hawa wengine wanazunguka tu mle kama wamefungiwa. Fundi akacheka, akamwambia kuwa na yeye anazungushwa, mbona hasemi kafungiwa. Bibi akampiga kofi dogo la kisogoni. Hiyo ndiyo mara yao ya mwisho kutaniana.

Walipita nyumba ya mpiga rangi. Huyu alikuwa rafiki yake wa kazi, fundi akiezeka yeye anapaka bati rangi, na hakwenda kujikinga shuleni hata kidogo. Alikuwa amesema nyumba ya Fundi Waya haikimbiwi. Mkewe, mshonaji, alikuwa ndani akikausha vitambaa. Mpiga rangi alisimama mbele ya nyumba, akainua mikono juu kumpongeza rafiki yake. Fundi akachungulia pembeni mwa nyumba, akaona mlango wa nyuma umefungwa. Akauliza kulikoni. Mpiga rangi akaeleza kwamba ulikuwa ukipigapiga usiku kucha, wakaufunga.

"Fungua, bwana," fundi akamwambia. "Nyumba ipumue."

Mpiga rangi akacheka, akamgeukia mkewe akamwambia afungue, mwenye paa kasema. Mshonaji akafungua.

Nyumbani fundi alimlaza mama yake kitandani, akamfunika shuka kavu. Yule mzee alishusha pumzi ndefu, akafumba macho. Uso wake ulitulia, ukawa uso wa nyumbani. Fundi alipouona alijua amefanya vizuri, na hilo ndilo linalomla mpaka leo, kwamba wakati ule alijua kabisa amefanya vizuri.

Alikuwa akitafuta kiberiti cha kuwashia jiko mama alipomwita.

"Funga huo mlango. Nasikia baridi mgongoni."

"Nyumba ipumue, Mama."

"Imepumua asubuhi nzima. Funga."

Hakufunga. Alimwongezea shuka lingine.

Kwenye mlango wa nyuma palikuwa na pazia la kuzuia inzi. Miaka yote, upepo ukivuma, pazia lile lilitoka nje. Fundi aliinua macho kutoka jikoni akaona limeingia ndani. Liliingia kidogo, likarudi, likaingia tena, likabaki limenyooka kuelekea kwake. Hakuwahi kuliona likifanya hivyo maishani. Na kwa kuwa alikuwa fundi kweli, si wa kubahatisha, alielewa yote kwa mara moja: upepo umegeuka, upande wenye misumari mitupu ndio uliokuwa mbele sasa, na mlango uko wazi.

Alikimbia. Alifika mlangoni wakati upepo nao unafika, akauegemea kwa bega, akausukuma kwa miguu, kwa kichwa. Mlango ulimtupa kando. Nyumba ikajaa upepo kama puto, masikio yakamuuma, na juu akaanza kuisikia misumari ikichomoka, mmoja baada ya mwingine, kuanzia pembeni. Sauti hiyo aliijua. Ndiyo aliyokuwa akiitoa mwenyewe kwa nyundo wakati wa kubomoa mapaa ya watu.

Paa liliinuka upande wa mlimani. Upande wa bahari halikuinuka, waya ulikuwa umeshika. Waya wake haukukatika hata mmoja, na hilo watu walilishuhudia baadaye. Kwa hiyo paa zima lilifunguka kama kifuniko cha sanduku, likajipindua kuelekea baharini, na waya ukaung'oa ukuta uliokuwa umeushika. Nusu ya matofali ilianguka nje. Nusu ilianguka ndani, juu ya kitanda.

Alimpata kwa kupapasa. Kutoka kifuani kwenda chini alikuwa amefukiwa, uso ulikuwa nje, umejaa vumbi na mvua. Fundi alilala juu yake kumkinga, akachimba matofali kwa mkono mmoja mpaka kucha zikatoka. Upepo haukumruhusu hata kupiga magoti. Akashika mkono wake tu. Mkono ulikuwa na joto kwa muda.

Kuna wakati yule mzee alifumbua macho. Fundi aliweka sikio mdomoni mwake.

"Umefunga?"

Hakukuwa na mlango tena, wala ukuta wa kuushika.

"Nimefunga, Mama."

"Haya," akasema.

Upepo ulipoisha yule mzee alikuwa ameshakufa, na moyoni mwa mwanawe ilikuwa kama siku nyingi, ingawa kwa saa haikuwa muda mrefu. Mkewe alikuja akimkimbilia juu ya mabati na mbao, akasimama, akaona. Alikuwa na maneno, na yangekuwa ya haki. Aliinama akaanza kutoa matofali.

Mtaa wa juu ulikuwa wa kutisha kuutazama. Nyumba za mafundi wengine ziliharibika ovyo, paa hili huku, lile kule. Nyumba za Fundi Waya zilikuwa zimekufa kifo kimoja. Kila paa limefungukia upande wa bahari, mabati yamelala mstari mmoja, waya bado umesokotwa, na matofali ya ukuta yananing'inia kwenye waya. Kila nyumba, mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Fundi alitembea kutoka mwanzo wa mtaa mpaka mwisho, akaziangalia zote. Hakukosea kuhesabu wafu wake, na mimi sitakuhesabia.

Mpiga rangi alikuwa miongoni mwao. Mshonaji alipona kwa kuingia chini ya meza ya cherehani.

Watu hawakumlaumu. Hilo ndilo lililomtesa. Walisema upepo ule ulikuwa mkubwa, ulizidi kazi ya binadamu. Walimpa pole ya mama yake, wakamwonea huruma, wakamwita ale nao chini ya turubai. Fundi alikula tonge moja akaondoka. Koleo alilizika kwenye kifusi, mkewe akalifukua, akalifuta, akaliweka chini ya godoro.

Siku moja mshonaji alimjia. Alikaa juu ya tofali mbele ya turubai, akamwambia amepata mabati ya msaada na anataka nyumba. Yeye na mama mkwe wake, aliyekuwa shuleni siku ile, hawana pengine pa kwenda.

"Nijengee ileile, Fundi," alisema. "Marehemu aliipenda. Na hatukuzembea, tulifanya kila ulilotuambia. Hata mlango tuliufungua."

Mke wa fundi alikuwa akiosha vyombo, mikono ikasimama majini. Fundi aliangalia chini. Angeweza kukubali kwa kichwa na kwenda kuchukua ngazi. Hakuna mtu mjini ambaye angewahi kujua.

"Dada," akasema, "ule mlango ndio uliomuua. Mngeuacha umefungwa, paa lingekuwa na nafasi. Mimi ndiye niliyesema mfungue. Mama yangu naye aliniambia nifunge, nikakataa."

Mshonaji alimtazama, akatazama mikono yake mwenyewe, ile iliyofungua. Akavuta khanga yake, akasema kwa sauti ndogo kwamba mama mkwe wake halali ila kwa jambo moja. Kila jioni huwaambia watu kuwa mwanawe hakufa kwa ukaidi, alikufa amesikiliza la fundi. Hilo ndilo analolilia na ndilo linalomnyamazisha.

"Kwa hiyo lisifike kwake," alisema. "Mimi nitakaa nalo. Wewe njoo ujenge."

Alijenga. Safari hii waya ulizunguka nyumba yote, upande wa bahari na upande wa mlimani, ukashuka mpaka kwenye msingi. Mlango wa nyuma aliuwekea mbao nzito na makomeo ya chuma juu na chini. Watu waliopita walimsalimia, yeye akajibu bila kuinua macho. Hakumgombeza mtu tena kutoka juu ya paa.

Siku ya kumaliza, mama mkwe wa mshonaji aliletwa kuiona nyumba. Alikalishwa kwenye kiti katikati ya chumba, akatazama kuta, akatazama kenchi, akamtazama fundi aliyekuwa juu akifunga waya wa mwisho, akamwombea heri. Upepo mwepesi wa mchana ulikuwa ukitoka baharini. Yule mzee akanusa hewa, akamgeukia mkwewe.

"Fungua mlango wa nyuma, mwanangu. Nyumba ipumue. Mwenzio alikuwa akipenda iwe hivyo."

Mshonaji aliinua macho juu, yakakutana na ya fundi. Kisha akainuka, akatoa komeo la chini, akatoa la juu, akafungua.

Fundi akashika koleo lake akaendelea kusokota, upande wa mlimani, mpaka waya ukalia.